Mkono Usipande Juu ya Bega

Mto ulitoka mlangoni kwanza, ukaruka kama kuku aliyefukuzwa jikoni na kuangukia kwenye majivu ya jana. Kalunde alitoka nyuma yake, leso ameikaza kiunoni, akausukuma kwa ncha ya kiatu mpaka ukageuka, ili upande wa pili nao upate majivu.

"Hapo ndipo pake," alisema. "Mwanangu hakuoa godoro na mito. Alioa mtu."

Katunge alikuwa uani akisugua sufuria kwa mkono wa kushoto. Hakuinuka. Alimtazama mama mkwe wake, akautazama mto, akarudi kwenye sufuria. Alijijua. Akisimama kwa hasira hiyo, angesema neno ambalo hata wazee wa ukoo wasingelifuta.

"Mwaitu, mama yangu, huo mto ni dawa."

"Dawa! Dawa inaliwa. Dawa inapakwa. Nimezaa watoto sita na sijasikia dawa ya kukumbatiwa."

"Nimeambiwa hospitalini."

"Umeambiwa umpe mume mgongo, ukumbatie pamba?"

Mume mwenyewe, Kitheka, alikuwa ndani akivaa soksi. Kazi yake ilikuwa kumwagilia mashamba ya mbegu huko Kiboko. Huja nyumbani Ijumaa jioni, akaondoka Jumapili baada ya ibada. Ukuta wa mabati hauzuii neno, kwa hiyo alisikia yote, na soksi ya pili akaivaa polepole kuliko ya kwanza.

Hapo ndipo Katunge alipoacha kusugua. Kabla ya asubuhi ile, mama mkwe wake hakuwa amewahi kuingia chumbani mwao. Habari ya mto unaolala kitandani ilikuwa imetoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anatafuta kiatu chake chini ya kiti.

"Kitheka," aliita. "Toka nje umweleze mama yako mto ni wa nini. Wewe ndiye uliyeanza hadithi, imalize."

Kitheka alitoka na kiatu kimoja mkononi. Akamtazama mama yake, akamtazama mke wake, akasema chai imechelewa.

* * *

Ugonjwa wenyewe ulianza na kamba.

Wanawake wa vilima vile vilivyo juu ya Emali hubeba mtungi wa maji mgongoni, na kamba ya kuushikilia, mukwa, hupita kwenye paji la uso. Kalunde alibeba hivyo tangu akiwa msichana. Kamba ilikuwa imemchimbia paji mfereji ambao hata akiwa amekaa kanisani, amejifunga kitambaa cha hariri, ulionekana. Aliuvaa mfereji ule kama wengine wanavyovaa medali.

Katunge aliolewa huko kutoka Kwa Vonza, upande wa Kitui, akiwa na nywele ndefu za kusukwa zilizomkalisha saluni siku nzima. Aliogopa kamba ingezing'oa. Akaishusha begani, upande wa kulia, ikapita juu ya mfupa ule unaotoka shingoni kwenda kwenye bega. Hakuna aliyemwambia kitu isipokuwa Kalunde, na Kalunde alimwambia kwa namna yake.

"Huko Kitui vichwa ni vya kuwekea nywele tu?"

Alibeba hivyo miaka mingi, lita ishirini kila safari. Mchana alikuwa sokoni Emali, ameinamia cherehani, mabega yamekuja mbele, kidevu kimetangulia, akishona sare za shule. Kwanza vidole viwili vya mwisho vilianza kufa ganzi alfajiri. Kisha mkono mzima ukawa unapoa hata jua likiwa kali. Kisha siku moja akashindwa kutia uzi kwenye sindano, akamwita mteja amsaidie, mteja akacheka akidhani ni utani.

Alimwona mtaalamu wa viungo katika zahanati moja pale Emali, msichana mfupi mwenye sauti kubwa, Wanjiro. Wanjiro alimwambia ainue mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na polisi, kisha afumbe na kufumbua viganja bila kusimama. Kiganja cha kushoto kiliendelea. Cha kulia kikawa cheupe kama unga, kikalegea, mkono ukaanguka mapajani wenyewe.

"Umeuona?" Wanjiro alisema. "Hapa chini ya mtulinga, kati ya huu mfupa na ubavu wa kwanza, pana kichochoro. Damu inapita hapo kwenda mkononi, na mishipa ya fahamu pia. Wewe umekibana kichochoro kwa kamba, ukakibana tena kwa kuinama. Tazama hapa chini ya kidole gumba. Nyama imeanza kuisha. Ukiendelea hivi utakuwa na mkono wa kupungia watu tu, si wa kushona."

"Kuna sindano?"

"Kuna kazi. Utaifanya wewe."

Akamfundisha. Asimame mlangoni, mikono imeshika miimo ya mlango chini ya mabega, asogeze kifua mbele taratibu mpaka misuli ilalamike. Akae juu ya kiganja cha kulia, alipeleke sikio la kushoto kwenye bega la kushoto, atulie hapo. Arudishe kidevu nyuma, akutanishe mabega nyuma, avute pumzi kwa tumbo badala ya kupandisha kifua. Kamba begani, mwiko. Usiku alale chali, au alale kwa ubavu wa kushoto akikumbatia mto ili mkono wa kulia usianguke mbele wala usipande kichwani.

"Shika sheria moja hata ukisahau nyingine zote," Wanjiro alisema. "Mkono usipande juu ya bega. Si kwa kuanika nguo, si kwa usingizi, si kwa kumsifu Mungu."

Katunge alishika. Aliteka maji kwa vidumu vidogo vya lita tano, akaenda na kurudi kama mtoto, watu wakimwona. Alishona mto mwenyewe kwa vipande vya sare. Kabla ya miezi miwili kwisha alikuwa anatia uzi kwenye sindano bila kumwita mtu, na usiku alilala mpaka jogoo. Ule ndio mkono uliokuwa umerudi. Ule ndio mto uliokuwa kwenye majivu.

* * *

Aliufua, akauanika kwenye ua wa michongoma. Alipokuja kuuchukua jioni haukuwepo. Aliuona kwa Kalunde, kwenye kigoda cha jikoni, umekaliwa.

"Naulinda," alisema Kalunde bila kunyanyuka. "Mpaka akili zirudi."

Jumapili, Kitheka alipokwenda zake Kiboko bila kusema lolote juu ya mto, neno lingine lilikuwa limeshazunguka kanisani. Kasiva, mke wa mchungaji, ambaye kila alfajiri alipita njia ile kwenda kuchukua maziwa, alikuwa amemwona Katunge mlangoni, mikono kwenye miimo, macho amefumba, uso umeelekea jua linapochomoza. Akamwona tena akirudisha kidevu nyuma kama kuku anayemeza punje. Kasiva hakuwa mtu wa kuona kitu na kukiacha kilivyo.

Alimsubiri Katunge nje ya kanisa, Biblia kwapani, akamwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Ndeti, pale mlangoni asubuhi huwa unaomba nani?"

"Siombi. Nanyoosha kifua."

"Kifua hunyooshwa mbele za Bwana."

"Changu kinanyooshwa kwenye mlango."

"Kuna dini za Wahindi ambazo zinaanza hivyo hivyo. Kunyoosha, kupumua, kufumba macho. Mwisho mtu anakataa nyama."

"Mama mchungaji, nilikula mbuzi kwako juzi hadi ukanihesabia vipande."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, na hilo lilikuwa kosa la Katunge, kwa sababu Kasiva alisamehe dhambi zote isipokuwa kuchekwa. Siku mbili hazikupita. Mto, mlango, jua, vidumu vya lita tano na ibada ambayo Katunge alisimama mikono chini wengine wakiinua yao juu, vyote vilishonwa pamoja vikawa vazi moja. Mke wa Kitheka amejiunga na kitu. Ametoka nacho Kitui. Kitu hicho kimemkataza mume, kimemkataza kazi, kimemkataza kumsifu Mungu.

* * *

Jumatano ilikuwa ya mwethya, kazi ya kusaidiana. Kikundi kile cha wanawake kilikuwa na sheria ya zamani kuliko wote waliokuwa ndani yake: leo tunafanya kazi ya wote, kesho tunakuja kwako. Msimu ule walijenga bwawa la mchanga kwenye korongo, ukuta wa mawe na saruji wa kuzuia mchanga ili maji ya mvua yakae chini yake. Wiki iliyofuata zamu ingekuwa ya Katunge. Wangekuja na majembe kuchimba matuta ya shamba lake kabla ya mvua, kazi ambayo peke yake asingeimaliza hata mvua ingengoja. Aliyekatwa kwenye kikundi alikosa matuta, na alikosa zamu ya kisima.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Kalunde.

"Nitapika," Katunge alisema mbele ya wote alipofika korongoni. "Niwapikie muthokoi, niwashonee magunia yaliyopasuka, nikoroge saruji kwa koleo pale chini. Mawe ya kuinua siwezi. Mnajua mkono wangu."

"Jikoni tumemweka Ndululu," alisema Kalunde. "Ndululu ana miaka themanini. Wewe una ngapi?"

"Mwaitu, si miaka. Ni mkono."

"Mkono unaokumbatia mto usiku hauwezi kukumbatia jiwe mchana?"

Kicheko kilikwenda kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Wanawake walikuwa wamejipanga kutoka ukingoni mpaka ukutani, na jiwe lilipita mkono hadi mkono. Mwisho wa mstari, chini ya mbao za ukuta, ilitakiwa mtu wa kulipandisha juu ya kichwa mpaka kwa fundi Mutisya aliyesimama kwenye jukwaa. Kalunde alimnyooshea Katunge kidole.

"Mrefu asimame pale. Mungu hakumpa urefu ule wa kuanikia nguo."

Katunge aliyafikiria matuta. Aliufikiria mkono. Usiku wa kuamkia siku hiyo, bila mto, alikuwa ameamka na kuukuta umelala juu ya kichwa chake, umekufa, akauinua kwa mkono mwingine kama anayeinua mkono wa maiti. Alijua kitakachotokea kama mtu anavyojua mvua kwa harufu.

"Basi mnisikie nyote, hata wewe fundi," alisema kwa sauti ya kufika ukingo wa pili. "Mkono huu nikiuinua juu ya bega, utaniachia. Sijui ni jiwe gani, lakini utaniachia. Msije mkasema sikusema."

"Mmesikia?" Kalunde aliwageukia wengine. "Mkono wake una mpango wake."

"Mama, mweke mwingine," Mutisya alisema kutoka juu. "Mimi mwenyewe siko chini ya jiwe, lakini..."

"Wewe jenga. Kikundi si chako."

Jiwe la kwanza lilipanda. La pili likapanda. Baada ya hapo vidole viwili vya mwisho vikaanza kuwaka, kisha vikaacha, na kuacha ndiko kulikokuwa kubaya. Katunge alishusha mkono akautikisa. Mawe yakarundikana, mstari ukasimama, watu wakaanza kulalamika kwa mbali. Kalunde aliacha nafasi yake, akateremka mchangani mpaka chini ya mbao, akasimama ubavuni mwa mkwe wake.

"Pandisha!"

"Mwaitu, rudi nyuma."

"Unanifukuza kwenye kazi yangu? Pandisha, tuone hiyo dini yako inavyoangusha mawe!"

"Nimesema rudi nyuma."

Kalunde hakurudi. Alilichukua mwenyewe jiwe kutoka kwa mwanamke aliyefuata, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, akalisukumia kifuani mwa Katunge. Katunge akalipandisha, kwa sababu lilikuwa tayari mikononi mwake na watu arobaini walikuwa wanatazama. Likafika juu ya bega, likafika juu ya sikio. Mkono wa kushoto ulilishika. Wa kulia haukuwepo tena. Jiwe likapinduka, likapita karibu na uso wake, likashuka kwenye mguu wa Kalunde.

* * *

Jumamosi walikusanyika nyumbani kwa Kalunde. Kitheka alikuwa amekuja. Kasiva alikuwa ameketi karibu na mgonjwa na Biblia mapajani, imefunguliwa popote. Wanawake wa kikundi walijaa sebuleni hadi mlangoni, na fundi Mutisya alisimama nje, kwenye dirisha, kofia mkononi.

Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevunjika. Zahanati ilikuwa imekifunga bandeji nene, na Kalunde alilala kwenye kochi, mguu umeinuliwa. Katunge alipoingia alitazama kilichouinua. Ulikuwa mto wa vipande vya sare, kijani, buluu na damu ya mzee. Mto wake.

Aliutazama kwa muda ambao kila mtu chumbani aliuona.

"Nimeambiwa nilale mguu ukiwa juu," alisema Kalunde kwa ukali, kana kwamba ameulizwa.

"Umeambiwa na nani, Mwaitu?"

"Hospitalini."

Mutisya dirishani alikohoa, akainamisha uso kwenye kofia.

Kasiva alifunga Biblia. "Hatukuja kwa maneno mengi. Mama Ndeti, umemuumiza mama aliyekuzalia mume. Piga magoti umwombe msamaha, na kesho kanisani useme umeacha hayo mambo ya mlangoni. Kikundi kitakuchukua tena. Jumatano tutakuja kuchimba matuta."

"Na nisipofanya?"

"Utachimba na huo mkono wako," alisema Kalunde.

Kitheka alimsogelea mkewe, akamshika kiwiko, akazungumza chini chini kama mtu anayebembeleza ng'ombe aingie zizini. "Mama Ndeti, ni neno moja. Sema tu, yaishe. Hata kama si kweli."

Katunge alikitoa kiwiko chake mkononi mwa Kitheka. Akasimama katikati ya chumba, mbele ya kochi, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa. Akaanza kufumba na kufumbua viganja. Watu walidhani ni ibada. Mmoja akarudi nyuma mpaka ukutani. Kiganja cha kushoto kiliendelea kama moyo. Cha kulia kilipungua mwendo. Kikapauka kuanzia kwenye kucha, weupe ukashuka hadi kifundoni, vidole vikasimama nusu vimekunjwa. Mkono ukaanguka ukagonga paja lake kwa kishindo kidogo.

"Kwa jina la..." Kasiva alianza, mkono wake ukiwa hewani.

"Usiukemee, mama mchungaji. Hauna pepo. Hauna damu."

Kitheka alikuwa akiutazama mkono ule kana kwamba ni mara ya kwanza kuuona, na labda ilikuwa. Alikuwa amelala kando yake miaka tisa. Kalunde naye aliutazama. Aliutazama kwa macho makavu, kisha bila kujua akapeleka vidole vyake kwenye paji la uso, penye mfereji, akaupapasa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Alipogundua watu wanamwona akaushusha mkono upesi.

"Hata kama," alisema. "Hata kama! Mguu ni wangu. Mfupa uliovunjika ni wangu. Mimi ni mama yako. Mtu akimkanyaga mwenzake hata gizani anasema pole."

"Pole nimekwambia pale pale korongoni, nikikukokota kwa mkono huu mmoja kukutoa kwenye mchanga. Hukuisikia kwa sababu ulikuwa unanitukana."

"Pole si msamaha!"

"Ndiyo. Si msamaha."

"Mama Ndeti!" Kitheka alisema.

"Wewe nyamaza, umezoea." Katunge hakumgeukia. Alikuwa akimtazama Kalunde, na sauti yake haikupanda. "Mwaitu, maji nitakuletea asubuhi na jioni mpaka utembee. Ni ya lita tano tano, utacheka ukipenda, lakini mtungi wako utajaa. Chakula nitapika. Bandeji nitaifua. Huo mto kaa nao, mguu wako unauhitaji. Mimi ni fundi wa nguo, usiku huu nitashona mwingine, na nitaulalia mbele ya mwanao, naye akitaka kutangaza, atangaze. Matuta yangu msije. Nitachimba kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, nipande nilichowahi. Asubuhi nitasimama mlangoni kwangu, na anayepita na maziwa asalimie au apite."

"Na msamaha?" aliuliza Kasiva.

Katunge alikuwa ameanza kuusugua mkono wa kulia kwa wa kushoto, kuanzia kwenye kwapa kwenda chini, na rangi ilikuwa inarudi polepole kwenye kiganja.

"Nilisema mkono utaniachia. Nilisema mbele yenu wote, nikamwambia arudi nyuma, naye akanisukumia jiwe kifuani. Siombi msamaha. Si leo, si kesho kanisani, si siku mguu utakapopona. Siombi."